Barua ya wazi: Kabla ya banda la mbwa, jengeni chumba cha wageni

Kwenu mnaosimamia mifugo, afya na usafi hapa Kigoma,

Mwakeye.

Nawaandikia kutoka Gungu. Mimi si daktari wa mifugo, na sitaki mtu asome barua hii akidhani ninajifanya mmoja wao. Nilikuwa mhudumu wa zahanati kwa miaka mingi, yaani yule mama wa kufagia, kudeki na kuchemsha vifaa. Nilipostaafu nikajikuta mlezi wa mbwa. Sikupanga. Alianza mmoja aliyegongwa na bajaji maeneo ya machinjioni, nikamfunga mguu kwa kipande cha kanga. Watu wakishajua kuna mama anayepokea mbwa, basi tena: unaamka asubuhi unakuta kiroba kimefungwa mdomo kimeachwa getini, na ndani kuna kitu kinalia. Leo nina mbwa ishirini na watatu uani, vijana wawili wa kunisaidia, na jirani mmoja mtu wa swala tano ambaye hagusi mbwa hata kwa ncha ya kidole, lakini kila Ijumaa ananiwekea ndoo ya utumbo na pumba juu ya ukuta, anagonga bati mara moja, anaondoka.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kikao cha mtaa. Tuliambiwa lipo wazo la kuwakusanya mbwa wote wanaozurura na kuwaweka kwenye banda moja, badala ya ule utaratibu wa kuwapiga risasi alfajiri. Nilifurahi, nikapiga makofi. Kisha nikanyoosha mkono, nikauliza banda litakuwa na vyumba vingapi. Aliyekuwa anaongoza akanijibu, “Mama, mbwa ni mbwa, banda ni banda.” Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Usiku sikulala.

Sikulala kwa sababu banda lisilo na chumba cha wageni, yaani cha mbwa waliofika karibuni, ninalijua. Niliwahi kuwa nalo. Naomba mnivumilie niwaeleze lilifanya nini, maana mlioko ofisini mtaona ramani na gharama za mabati, lakini harufu ya kilichotokea hamtaiona kwenye ramani.

Kijana wa bodaboda aliniletea watoto watano wa mbwa kutoka Kibirizi, ndani ya boksi la mafuta ya kula. Walikuwa wanene, macho maangavu, wanagombania kunyonya kidole changu. Sikuwa na mahali pa kuwaweka peke yao. Wenzao tisa walikuwepo tayari, wa umri huo huo, nikawachanganya. Nilijiambia watapashana joto. Siku ya nne mmoja akakataa uji. Jioni akatapika povu la njano. Usiku akaanza kuhara, na kufikia alfajiri ilikuwa damu. Ile harufu, ukishaikuta mara moja, utaitambua hata ukiwa barabarani: si ya kinyesi, si ya mzoga, ni damu iliyochachuka. Tukaita mtaalamu, akanusa tu kabla hajainama, akasema parvo.

Hapa kwetu hakuna dawa ya kumwua kirusi wa parvo ndani ya mwili wa mbwa. Tiba ni kumshikilia mgonjwa asikauke maji: dripu, sindano ya kuzuia kutapika, dawa za kuzuia bakteria wasiingie damuni kupitia utumbo uliochubuka, na kumpa joto. Tulikesha. Kati ya wale kumi na wanne walikufa kumi na mmoja. Wa mwisho alikufia mapajani mwangu nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, dripu imening'inizwa kwenye msumari wa kuanikia nguo.

Sasa sikilizeni kilichoniuma zaidi. Wale tisa wa mwanzo walikuwa upande mmoja na wageni watano, sawa, hao niliwachanganya mwenyewe. Lakini siku ya nane ugonjwa ukatokea banda la pili, ng'ambo ya ua, ambako hakuna mtoto hata mmoja wa boksi lile aliyekanyaga. Nani aliyeupeleka? Ni mimi. Kwa kandambili zangu, na kwa dekio. Nilikuwa na dekio moja kwa mabanda manne. Nilikuwa nikitoka kudeki damu huku, nasuuza ndoo, naenda kudeki kule, nikiamini ninafanya usafi. Kirusi wa parvo hahitaji mbwa wa kumbeba. Anakaa kwenye kinyesi kilichokauka, kwenye soli ya kiatu, kwenye bakuli, kwenye kamba, na anaweza kukaa miezi mingi akimsubiri mtoto wa mbwa apite. Mama wa usafi, miaka yote ile zahanati, na aliyeusambaza ugonjwa ni mimi.

Aibu yangu ni kubwa zaidi kwa sababu jambo hili nilishalifundishwa hapa hapa Kigoma. Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walipovuka na kujaa Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawaleta mjini hadi uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Sifananishi watu na mbwa, Mungu aniepushe. Ninachokumbuka ni namna ya kupokea. Nilikuwa mmoja wa waliobeba ndoo za maji ya klorini. Hakuna aliyeingia bila kunawa, anayeharisha alikuwa na njia yake na hema lake, na aliyemhudumia mgonjwa hakutoka pale kwenda kugawa chakula kwa wazima. Ugonjwa ulishikwa mlangoni. Nilipoanza kupokea mbwa nikayasahau yote, kwa sababu niliwaza kama yule mwenye kikao: mbwa ni mbwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa msemo huu unaua. Mgeni wangu sasa anakaa siku kumi na nne bila kuchanganywa na mtu. Parvo kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya tatu na ya saba baada ya kuambukizwa, mara chache hufika wiki mbili, kwa hiyo aliyemaliza siku kumi na nne akila na kuchezacheza nina imani naye. Distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa unaoletwa na kirusi, ni mjanja zaidi. Anaweza kujificha wiki kadhaa, hata kufika sita, halafu mbwa akaanza kama mwenye mafua: matongo machoni, kamasi, kikohozi, homa. Mnadhani amepona. Baadaye nyayo zinakuwa ngumu kama soli, kisha taya linaanza kutafuna hewa, kichwa kinatikisika, miguu inaruka yenyewe.

Na hapa nina neno na wananchi wenzangu kidogo, siyo ninyi. Mbwa wa namna hiyo akionekana Mwanga sokoni anapigwa mawe, kila mtu anapiga kelele “kichaa, kichaa!” Huenda ni kichaa kweli, na kwa macho huwezi kujua, kwa hiyo kukaa mbali ni sahihi. Lakini akishauawa na kutupwa kwenye korongo hatutajua kamwe mtaa ulikuwa na ugonjwa gani, na waliong'atwa watabaki wanabahatisha. Mbwa aliyemng'ata mtu, kama anaweza kufungiwa kwa usalama, aachwe hai chini ya uangalizi siku kumi. Kama alikuwa na kichaa mateni mwake siku ile, ndani ya siku hizo ataugua na kufa. Akifa, sampuli ipelekwe maabara ya veterinari pale Tabora. Ni usiku mmoja tu kwa reli. Na aliyeng'atwa asisubiri hizo siku kumi: kidonda kioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali kwa chanjo. Kichaa dalili zikishatokea hakuna daktari anayekurudisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kwa kichaa kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Vijana wangu wawili nimewachanja kabla ya kung'atwa, kwa pesa ya pensheni. Watakaofanya kazi kwenye banda lenu nao wachanjwe kabla hawajashika kamba, na gharama isiwe yao.

Narudi kwenye banda.

Ombi langu la kwanza, na kama mtaacha yote mengine msiache hili: chumba cha wageni kijengwe kabla ya banda lenyewe. Kiwe na mlango wake wa nje, kisitazamane na wengine. Ukuta uwe wa tofali hadi juu, maana kikohozi cha mbwa kinapita kwenye wavu kama moshi. Sakafu iwe ya saruji laini yenye mteremko na mfereji wake. Nasisitiza saruji. Sakafu ya udongo haitakaswi na dawa yoyote. Parvo akiingia kwenye udongo mmekwisha kumkabidhi hati ya nyumba. Pembeni kiwepo chumba kidogo zaidi cha wagonjwa, maana mgeni ambaye hana tatizo na mgeni anayeharisha nao hawalali pamoja.

Halafu chanjo, na hapa saa ni muhimu kuliko tarehe. Mbwa achanjwe anapovuka geti, siku hiyo hiyo, kabla hata ya kupewa jina. Siyo “Jumatatu mtaalamu akija”. Nasema hivi kwa sababu tumezoea kampeni ya mwaka mara moja, tena ya kichaa peke yake, watoto wakivuta mbwa kwa kamba za katani kwenda uwanja wa shule. Kampeni hizo ni nzuri, ziendelee, ziongezwe. Mkifika mbwa saba kati ya kumi kila mwaka kichaa kinakosa pa kupita. Lakini ile sindano haimkingi mbwa na parvo wala distempa. Chanjo ya mchanganyiko inayokinga haya mawili ni nyingine kabisa, na mtu wa kawaida akiitaka hapa mjini anaambiwa aagize. Banda la kukusanyia mbwa lisilo na chanjo hiyo kwenye friji yake ni mahali pa kuambukizana tu, hata likipakwa rangi.

Watoto wa mbwa wana hesabu yao. Kinga waliyonyonya kwa mama yao inawalinda wiki za mwanzo, lakini hiyo hiyo inaifuta chanjo unayowapa, na hakuna anayejua kwa mtoto huyu itaisha lini. Ndiyo maana kwenye makazi ya mbwa huanza mapema, wiki ya nne hadi ya sita, na kurudia kila wiki mbili au tatu mpaka wavuke wiki ya 16. Ukichoma mara moja ukaridhika, umemwacha na dirisha wazi. Nimeshakutana na watu wenye kadi ya chanjo mkononi na mtoto wa mbwa anayekufa kwenye boksi, wanauliza kwa nini. Ndiyo sababu.

Kuhusu friji mtaniambia habari za umeme. Najua, nilikuwepo enzi za majenereta. Chanjo ya kichaa ni mvumilivu kuliko tulivyodhani: utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba ile waliyoijaribu, ikikaa miezi mitatu kwenye nyuzijoto 30, bado iliwapa mbwa kinga. Hiyo inaweza kufika Kalinzi au Mwamgongo bila barafu. Ya mchanganyiko haina uvumilivu huo. Ni chanjo hai, inataka nyuzijoto 2 hadi 8 toka dukani hadi kwenye sindano, na ikishachanganywa na maji yake itumike hapo hapo. Nimewahi kuiona ikitolewa kwenye mfuko wa suruali. Sikusema kitu kwa heshima ya mwenye suruali, ila mbwa yule nilimhesabu kama hajachanjwa.

Usafi nao una namna. Msinunue dawa kwa harufu. Nyingi zinazonukia hospitali haziwezi kumwua parvo. Jiki inamwua, lakini kwa masharti. Toa kinyesi chote kwanza. Osha kwa sabuni, suuza, acha maji yachuruzike, ndipo umwage jiki na kuiacha dakika kumi sakafu ikiwa imelowa. Ukiimwaga juu ya uchafu, jiki inapigana na uchafu, kirusi anabaki anaangalia. Vipimo: ile kali ya asilimia 5 hadi 6 ni kipimo kimoja kwa vipimo 32 vya maji, lakini jiki nyingi za madukani kwetu chupa inasema 3.5, basi fanyeni kimoja kwa 20. Ichanganywe siku hiyo hiyo. Na kamwe isimwagwe juu ya mkojo uliotuama, mvuke wake unakaba koo. Kijana wangu mmoja nusura tumpoteze kwa bidii.

Uani kwangu sasa kila banda lina dekio lake, ndoo yake na bakuli zake, nimefunga kitambaa cha rangi kwenye mpini: kijani watoto, njano wakubwa, bluu wageni, nyekundu wagonjwa. Tunaanza na watoto wazima asubuhi, tunamaliza na wagonjwa, haturudi nyuma. Aliyeingia kwenye nyekundu hashiki kijani mpaka kesho yake, hata kama mwenzake hajafika kazini. Mlangoni kuna gambuti. Si jambo la kitaalamu, ni mipini minne ya miti na vitambaa vya doti moja ya kanga iliyochakaa. Toka nianze hivyo, parvo imeingia getini mara mbili na mara zote imefia kwenye chumba cha wageni.

Kuna jambo ambalo hamtalipenda. Banda liwe na idadi yake, na ikitimia geti lifungwe. Nyumba ya mbwa ishirini ikiwekwa arobaini, hakuna chanjo wala jiki itakayowaokoa: watakoholeana, kupe watahama kutoka mgongo hadi mgongo, upele utafunika masikio, watapigania chakula na kuumana. Nimekataa mbwa getini huku nalia. Aliyeleta aliniita katili. Bora hivyo kuliko kumpokea akaue kumi na mmoja.

Na msije mkadhani kwamba kuwakusanya kutamaliza kazi. Unapoondoa mbwa wote machinjioni bila kuwachanja wa jirani, mwezi ujao watakuja wengine kula palepale, na hao hamjui wametoka wapi. Angalieni Pemba. Walichanja mbwa mwaka hadi mwaka mpaka kichaa kikakoma kisiwani. Kikaletwa tena kutoka nje mwaka 2016, wakashika tena sindano, wakakimaliza upya. Angalieni na Serengeti, mwaka 1994, distempa iliyohusishwa na mbwa wa vijijini iliua simba wapatao 1,000, karibu theluthi ya simba wa kule. Sisi tuna Gombe mlangoni, na mbwa wa vijiji vya jirani hawasomi mpaka wa hifadhi. Maboti yanatia nanga Kibirizi kutoka sehemu nyingine za ziwa, na mbwa anapanda boti kama abiria mwingine.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama tunayo toka 2003, ya Ustawi wa Wanyama toka 2008. Siombi sheria mpya. Naomba kwenye makadirio ya banda, pale palipoandikwa “mabati”, paongezwe mstari wa chanjo ya mchanganyiko, mstari wa friji, mstari wa jiki na sabuni, na mshahara wa mtu mmoja ambaye kazi yake ni chumba cha wageni tu. Kama pesa haitoshi vyote, punguzeni ukubwa wa banda. Jengeni la mbwa kumi.

Mkitaka kuona kabla ya kuchora, njooni Gungu siku yoyote kabla ya saa tatu asubuhi, wakati tunadeki. Msije na viatu vizuri. Gambuti zipo mlangoni, namba saba, nane na kumi, na beseni la jiki lipo kushoto. Kwa sasa chumba cha wageni kina mbwa mmoja mweusi mwenye sikio lililokatika, yuko siku ya tisa. Mtamwangalia kupitia kitundu cha mlango. Hadi siku ya kumi na nne siruhusu mtu kuingia, hata mkuu wa nani.

Mtunza mbwa wa Gungu